Darasa Letu la Mfongoni na Nyumba ya Bibi Makrina

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mto. Mhandisi wa Maji wa Wilaya, bwana mrefu kiasi kwamba mvua ilimfikia yeye kwanza ndipo ikatufikia sisi wengine, alinipeleka kwenye daraja la chini ya mji, akanionyesha ubao uliosimikwa majini, umechorwa mistari ya sentimeta. "Deusdedit," akasema, "huyu ndiye bosi wako. Mimi nitakulipa mshahara tu." Ubao ule ni wa kupimia kina cha maji. Kazi yangu ilikuwa kuusoma asubuhi na jioni, na kuhakikisha hakuna mama anayeufungia kamba ya kuanikia nguo. Niliusoma kwa bidii mpaka nikawa naota sentimeta.

Nilikuwa na elimu ya darasa la saba tu. Nikitoka mtoni jioni nilipanda baiskeli hadi Majengo, ambako mwalimu mmoja mstaafu alitufundisha hesabu na fizikia katika chumba kilichopakana na fundi cherehani. Tulijifunza kanuni za mwendo huku cherehani ikinguruma ukutani, na hadi leo nikipita kwa mshonaji nguo kichwa changu kinaanza kukokotoa kasi. Nilikaa katika shule ile ya jioni muda mrefu kuliko Waisraeli walivyokaa jangwani. Nikatoka na cheti cha kidato cha nne, baadaye cha fundi sanifu, na wenzangu wakaniita Fundi Deo.

Kituo changu cha pili kilikuwa mji mdogo wa Mkuu, kule Rombo. Zilikuwa siku ambazo serikali ilianza kutuambia kwamba kila mtu abebe mzigo wake, maji yalipiwe, vipuri tununue wenyewe madukani. Mabomba tulikuwa nayo mengi na mazuri, ila maji ndiyo hayakuwemo. Msimamizi wa kituo, mtu wa maneno machache, aliniambia siku niliporipoti, "Hapa tunatunza mabomba, Fundi, ili maji yakija yakute mlango wazi." Tulitunza mlango huo miaka kadhaa.

Miaka ya tisini ilipoanza, ofisi za maji zikapunguza watu. Mimi niliangukia pazuri: chuo kidogo cha ufundi pembeni mwa Moshi, upande wa Shirimatunda, kilikuwa kinatafuta mkufunzi wa vitendo kwa vijana wa uhandisi wa maji na mazingira. Chuo chenyewe siku hizi hakipo. Karakana yake ilikuwa na mfereji wa kioo ulioletwa kutoka ng'ambo, wa kuwaonyesha wanafunzi maji yanavyokwenda, na pampu yake ilikuwa imeungua. Muuza vipuri mmoja wa mjini, Singasinga mzee mwenye huruma, aliitazama pampu ile kama daktari anavyomtazama marehemu, akaniambia, "Fundi, peleka nyumbani, zika."

Nikaenda kwa Mkuu wa Idara kumpa taarifa ya msiba. Alikuwa mhandisi aliyesoma Ulaya, mpole, mwenye miwani mizito iliyompa macho ya bundi. Hakuvunjika moyo hata kidogo.

"Mlima mzima umejaa mifereji iliyochimbwa kabla sijazaliwa," akasema, "na sisi tunakaa hapa tunalilia kioo? Wapandishe vijana juu, Fundi. Wakapime maji ya watu, wakatatue shida ya watu, na alama watapewa na wanaoyanywa."

Ndivyo tulivyoanza. Kwa wasiotoka kwetu, mfongo ni mfereji unaoyatoa maji mtoni huko juu, ukayatembeza pembeni mwa kilima kwa mteremko mdogo mno, mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa ambamo watu huishi na huzikwa humo humo. Waliochimba hawakuwa na darubini ya kupimia miinuko. Mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni panaitwa banio, na kila mfongo una mwenyekiti wake, kwa kawaida mtu wa ukoo uliochimba. Wa kwetu ulikuwa mfongo wa kina Kirenga, na mwenyekiti alikuwa Mzee Kirenga mwenyewe, mkavu kama kuni, mwenye macho makali.

Alitukubali haraka kwa sababu alikuwa na ugomvi mkononi. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu waking'oa mibuni na kupanda nyanya, na nyanya zinakunywa kama mlevi wa siku ya sikukuu. Wa chini walikuwa wakilia kwamba maji hayawafikii. Wa juu walikuwa wakiapa kwamba hawaibi. "Nitafutieni mwizi," Mzee Kirenga akasema.

Njia yetu ya kumtafuta ilikuwa rahisi. Unapigilia vigingi viwili kando ya mfereji, unadondosha limau majini kwenye kigingi cha juu, unapima muda hadi lifike cha chini. Hiyo ni kasi. Ukiizidisha kwa upana na kina unapata mtiririko, yaani maji mangapi yanapita. Ukifanya hivyo hapa, ukafanya tena mbele, tofauti ya majibu ndiyo upotevu. Inahitaji mtu wa juu wa kudondosha, mtu wa chini wa kudaka, na kelele nyingi katikati: "Anjela, tayari?" "Tayari!" "Achia!" Anjela alikuwa kiongozi wa kundi, binti wa Tanga, mwenye sauti ya kuamsha mji.

Tulipima sehemu ya juu, salama. Kisha mfongo ukaingia kwenye kichaka ambacho hakijakatwa, miti mikubwa imeshikana juu na ukungu umelala humo mpaka karibu adhuhuri. Njiani mpaka pale ndege walikuwa wakipiga kelele, humo ndani hakuna hata mmoja. Mzee Kirenga akasimama.

"Hapa hatutaji jina la mtu," akasema. "Tunaposafisha mfongo, kipande hiki tunakifanya kimya. Ukimtaka mwenzako, mguse bega."

"Kwa nini, mzee?" Anjela akauliza.

"Maji yanalichukua."

"Yanalipeleka wapi?"

"Mwanafunzi, ningejua yanalipeleka wapi ningeogopa?"

Vijana wakatii kwa muda wa limau moja. Limau la pili lilikwama kwenye mzizi, mmoja akasahau akaita, mwingine akajibu, na kabla hujakohoa kichaka kizima kilikuwa "Anjela! Joakimu! Halima! Achia!" Mzee Kirenga aliondoka bila kuaga. Majibu ya kipande kile yalinisimamisha nywele, nami wakati huo nilikuwa nazo: sehemu kubwa ya maji yaliyoingia kichakani ilikuwa haitoki. Hakuna mchepuko, hakuna tope, hakuna bomba la mwizi. Yaliingia, hayakutoka.

Tukateremka kutafuta kwa chini ya kichaka. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Makrina, mjane, nyumba ya udongo na bati iliyozungukwa na migomba. Mumewe, Mzee Aloisi, alikuwa amezikwa hatua chache kutoka mlangoni, kaburi limepandwa masale, ile mimea yetu ya mipaka na ya kuombea radhi. Bibi alikuwa amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri wageni.

"Shikamoo Bibi," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Karibu Anjela." Akamtazama mwingine. "Joakimu. Na yupi ni Halima? Karibuni, uji uko tayari."

Nimewahi kuona simba njiani kule Rombo, ingawa mke wangu anasema alikuwa mbwa. Sikuogopa vile. Vijana hawakuwahi kufika pale, hakuna aliyetutangulia, na kutoka kichakani mpaka pale huwezi kusikia hata tarumbeta, kilima kimekaa katikati.

Anjela ndiye aliyeuliza kwanza. "Bibi, nani amekutajia majina yetu?"

"Babu yenu," akasema, akimimina uji. "Aloisi. Anazungumza nami chini ya kitanda tangu mvua zile kubwa. Zamani alikuwa ananung'unika tu, sielewi. Leo amesema vizuri, kwa sauti kubwa. Nikajua nina wageni."

Uji ulikuwa mtamu lakini hakuna aliyemaliza. Bibi alikuwa mchangamfu kabisa. Akatuambia kwamba watoto wake wako mbali, majirani wanasema amechanganyikiwa na hawaingii tena, na kwamba kabla Aloisi hajaanza kuzungumza alikuwa anaweza kukaa juma zima bila kusikia neno. Akatuingiza chumbani. Tukapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, tukaweka masikio. Chini kabisa kulikuwa na mnong'ono kama watu wengi wanaosali rozari katika chumba kingine.

Keshoye Mkuu wa Idara alipanda mwenyewe, na kipande cha nondo mkononi, Mzee Kirenga akimwongoza. Aligonga sakafu karibu na mlango, ikalia bubu. Akagonga karibu na kitanda, ikalia kama ngoma. Akatutoa nje akatueleza taratibu, akifuta miwani. Mvua kubwa zilikuwa zimetoboa ukuta wa mfongo kule kichakani. Maji yakapenya, yakajichimbia njia ndani ya udongo mpaka chini ya nyumba hii, na njia yenyewe sasa ni kama bomba. Bomba linapitisha maji, na linapitisha sauti. "Mwizi wenu ni shimo," akasema, "na shimo limekaa chini ya kitanda cha bibi huyu. Asilale hapa tena."

"Tufunge banio," nikasema.

"Tukifunga ghafla, maji yaliyoshikilia udongo yanaondoka na dari ya shimo inaweza kukatika. Atoke kwanza. Leo."

Bibi Makrina akasikiliza yote kwa adabu, mikono mapajani. Kisha akakataa.

"Mhandisi, umesema vizuri. Lakini mimi nikitoka, Aloisi atazungumza na nani?"

"Bibi, ile si sauti yake. Ni ya wanafunzi. Ni mwangwi."

"Jana ilikuwa ya wanafunzi, sawa. Na siku ambazo hakuna wanafunzi?"

Mzee Kirenga akambembeleza kwa Kichagga, akamtishia, akambembeleza tena. Bibi akawa anatikisa kichwa tu. Huwezi kumbeba mama wa umri ule kutoka nyumbani kwake kama mkungu wa ndizi. Na wakati wote ule, kwenye kona ya chumba, udongo ulikuwa ukidondoka chini ya sakafu. Unausikia, chembe chembe, ukianguka ndani ya maji.

Anjela akachuchumaa mbele yake. "Bibi, muda wote huu yeye anazungumza nawe. Wewe umeshamjibu?"

"Namjibu hapa. Hasikii."

"Maji yanateremka, Bibi, hayapandi. Ukitaka akusikie, inabidi ukazungumze kule yanakoingilia."

Kule kichakani wanawake wa hapo hawakuwa wakienda, wanafunzi wa kike walipita kwa sababu ya ugeni. Bibi akamtazama Mzee Kirenga. Mzee akatazama kaburi, akatazama nyumba, akavuta pumzi ndefu.

"Nitampeleka mwenyewe," akasema. "Jina la marehemu anaweza kulitaja. La aliye hai, hapana."

Wakapanda wawili, polepole, Bibi na mkongojo wake, ukungu ukawameza kwenye migomba. Mkuu wa Idara akanivuta kando. "Akiwa huko, toeni vitu vyote nje. Akirudi akute nyumba tupu, labda atakubali kulala kwa jirani." Akabaki uani na vijana kupokea vitu. Tukatoa masufuria, sanduku, picha ya Moyo Mtakatifu, na kuku mmoja aliyekuwa na maoni yake. Mwisho tukabaki mimi na Anjela chumbani, tumeshika kitanda kila mtu upande wake.

Sasa, vijana mnaonisikiliza, mimi ni mtu wa kutia chumvi, kila anayenijua anajua. Kinachofuata nimekiacha bila chumvi.

Chini ya miguu yetu tulimsikia Bibi Makrina. Sauti yake ilikuja safi kama ameketi chumbani. "Aloisi. Ni mimi. Nimekuja mwenyewe." Kisha akaanza kumweleza habari: nani amezaa, ndizi zilivyokuwa, kwamba bati limevuja. Anjela alikuwa analia bila sauti. Kisha Bibi akauliza, "Unanisikia?"

Na sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka, ikasema, "Anjela. Tokeni."

Hatukutazamana. Kitanda kile hakikuwa kinapita mlangoni, kilijengwa humo ndani na fundi aliyekufa zamani. Siku ile kilipita, na sehemu ya fremu ya mlango ilikwenda nacho. Tulikuwa hatujafika kwenye migomba niliposikia nyuma yangu mkoromo mrefu, kama mtu mnene anayekaa kwenye kiti laini. Nilipogeuka, bati la nyumba lilikuwa usawa wa magoti yangu. Vumbi likapanda. Halafu chini kabisa, maji, yakienda zake.

Mkuu wa Idara alituhesabu sote kwa kutugusa mmoja mmoja kichwani. Kisha tukakimbia juu. Kichakani mfongo ulikuwa mkavu, maji yote yamegeukia kwenye tundu. Bibi Makrina alikuwa ameketi ukingoni, miguu kwenye tope. Mzee Kirenga alikuwa amesimama nyuma yake, kiganja kimefunika mdomo.

"Mzee," nikahema, "asante kwa kutuita."

Akashusha mkono. "Nani amewaita?"

"Umemtaja Anjela. Umesema tutoke."

"Mimi? Nitaje jina la mtoto wa watu hapa?" Akarudi nyuma hatua moja. "Na hata hilo jina silijui. Mimi nawaita wanafunzi."

Bibi Makrina hakugeuka. "Amesema," akasema. "Hata mimi nimesikia."

Mkuu wa Idara alikuwa na maelezo, na ni maelezo mazuri. Mzee aliona maji yakizama ghafla, akaelewa, akapiga kelele kuokoa watu, kisha akaona aibu kuvunja mwiko wa babu zake. Jina alilisikia tu siku tulipokuwa tunapiga kelele, akasahau kwamba analijua. Nimeyafundisha maelezo hayo kwa madarasa mengi. Lakini Mzee Kirenga alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumwona, nikamwambia kwa utani kwamba sasa anaweza kukubali. Akanishika mkono. "Fundi, kila mtu ananipa sifa ya kitu ambacho sikukifanya. Inanichosha."

Mradi wa darasa lile ulikuwa wa kuziba tundu. Vijana walichimba mpaka kwenye tundu, wakalijaza mawe na udongo wa mfinyanzi wakishindilia tabaka kwa tabaka, wakasakafia kipande chote cha kichakani kwa mawe na saruji iliyochangwa na wa juu na wa chini kwa pamoja. Walifanya kwa kugusana mabega, bila kuambiwa. Maji yakafika chini. Bibi alijengewa chumba kipya upande mwingine wa kaburi, kwenye ardhi niliyoigonga mimi mwenyewe kwa nondo mpaka mikono ikavimba kama mihogo.

Mchoro wa kazi hiyo ulipofika mezani kwa Mkuu wa Idara nilikuwepo. Akapitisha kidole juu ya karatasi. Kulikuwa na bomba la kutolea maji yanayojipenyeza nyuma ya saruji, la lazima, kila mhandisi analiweka. Kando yake kulikuwa na la pili, limeshuka mpaka kwenye masale ya kaburi, mdomo wake umeachwa wazi juu ya ardhi.

"Hili la nini? Halina maji."

"Ni la Bibi," Anjela akasema.

Akamtazama kwa macho yale ya bundi muda mrefu. "Kwenye mchoro huwezi kuandika hivyo," akasema, akachukua kalamu, akaandika yeye mwenyewe: bomba la uchunguzi. Akatia sahihi.

Tangu hapo kila mwaka nilipandisha darasa jipya kwenye mfongo ule, na kila darasa lilipata kazi yake: wengine walijenga kisanduku cha kugawia maji, wengine walipima dawa za nyanya zinazoingia mferejini. Nimefundisha katika darasa lile wahandisi wanaotosha kuhamisha mlima wenyewe mpaka Dodoma. Wote walikunywa uji kwa Bibi Makrina.

Nilipostaafu nilikwenda kumuaga. Alikuwa amezeeka sana, ameketi kwenye kigoda kando ya lile bomba, mkono umelishika kama unavyomshika mtu bega. Nikamsalimu, nikauliza kama Mzee Aloisi anasema lolote.

"Hasemi," akajibu. "Tangu siku ile, hata kidogo. Nadhani alikuwa na neno moja tu, akawa analitafuta, akalisema."

Nikaona huruma. Bomba lilikuwa limeanza kushika kutu mdomoni. Nikamuuliza kama nimtume kijana aje aling'oe, asijikate.

"Liache," Bibi akasema, na akanisukuma kidogo nimpishe. "Yeye amemaliza. Mimi bado." Akainama, akaweka mdomo kwenye bomba, akaendelea pale nilipomkatiza.